Miaka mitano na mpira wa maji: nisome nini niwe msimamizi wa bustani?

Swali: "Shikamoo mama. Nina miaka 27, natunza bustani ya taasisi moja huku Ihumwa, Dodoma. Nimeajiriwa na kampuni yenye zabuni ya usafi na bustani, na huu ni mwaka wangu wa tano. Msimamizi wetu ameondoka. Bosi anasema ananiona mimi, ila wenye jengo wanataka mtu mwenye cheti. Nina kidato cha nne, D tatu. Nisome nini, wapi, na je, niache kazi nikasome? Tuko watu tisa, wanne ni wakubwa kwangu, mmoja ni rika la baba. Halafu, ninunue mkasi wangu mwenyewe wa kupogolea au nisubiri wa kampuni?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Maswali yako karibu yote ni ya cheti, na lile la kazi yenyewe umelipitisha kwa nusu sentensi: kwamba mmoja wa hao utakaowasimamia ni rika la baba. Nitalifikia. Tumalize kwanza cheti, maana najua ndicho kinachokunyima usingizi.

D tatu hazikuingizi chuoni. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, vinaanzia Astashahada ya Msingi, yaani ngazi ya 4, na pale wanataka ufaulu wa masomo manne kwa uchache, somo la dini halihesabiwi. Umebakiza moja. Kulirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea hakukutoi kazini: unajisajili mapema mwaka, unasoma jioni, Novemba unaingia chumba cha mtihani. Kama Biolojia haimo kwenye zile tatu zako, basi rudia Biolojia. Vyuo vya kilimo vinapenda sayansi, nawe sehemu kubwa ya somo hilo umeishika kwa mikono. Unamjua mche ulionyauka kwa kiu na ule ulionyauka kwa sababu mizizi imeoza. Kilichobaki ni kuyajua majina ya mambo hayo na sababu zake.

Wakati unasubiri Novemba, nenda VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu unaoitwa urasimishaji ujuzi, uliowekwa kwa ajili ya watu waliojifunzia kazini kama wewe. Hawaulizi ulikaa darasa gani. Wanataka kukuona ukifanya, wanakuhoji, wanaangalia pale unapopungukiwa, panazibwa kwa mafunzo mafupi, kisha unapewa cheti. Fika ofisini kwao hapa Dodoma, ulizia kama fani ya bustani imo kwenye awamu ya karibu, na usiende mikono mitupu: beba mkataba wako, barua ya bosi, na picha za sehemu ulizozifufua, kabla na baada. Kwa wenye jengo wanaosema tu "awe na cheti", hiki ndicho cha karibu.

Chuo chenyewe sasa. Kwa kilimo cha bustani, jina la kwanza kinywani mwangu ni chuo cha kilimo cha Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Kutoka ngazi ya 4 mpaka stashahada, ambayo ni ngazi ya 6, ni kama miaka mitatu. Usishangae ukikuta wanakufundisha nyanya, vitunguu na parachichi kuliko majani ya kupamba mbele ya wizara. Udongo, maji, wadudu na upogoaji ni vilevile, na aliyewahi kukuza miche ya nyanya kwenye kitalu hashindwi na bogenvilia. SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wana shahada ya kilimo cha bustani. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, wanafundisha usanifu wa mandhari, lakini hao ndio watakaokuletea mchoro. Wewe kazi yako ni kuutia mchoro ardhini, na mara nyingine kuwaambia kwa heshima kwamba mti waliouchora hautaiona Septemba.

Usiache kazi. Nafasi ya msimamizi haitakusubiri miaka mitatu, ukirudi utamkuta mwenzako. Mwandikie bosi barua, kwa maandishi na si kwa mdomo, uombe kukaimu kwa miezi sita, ukiambatanisha ushahidi kwamba umeanza mchakato wa VETA. Mtu anayekaimu na bustani haijafa ana hoja nzito kuliko mtu mwenye karatasi ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiongoza watu.

Na nafasi zipo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, ukalala usingizi mrefu, kisha mwaka 2016 Serikali ikaamua kuhama kweli. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji wa Serikali ukaota pale Mtumba, mlango wa pili kutoka kwenu, na kila ofisi iliyokuja ilikuja na geti, bendera na eneo la mbele linalotakiwa kuwa kijani. Wa kushika mpira wa maji wako wengi. Wa kuwapanga walioshika mpira ni wachache mno, nami naona tatizo ni kwamba tunawapandisha cheo wakata michongoma hodari bila kuwaambia kwamba kazi imebadilika.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Mwezi wangu wa kwanza wa usimamizi nilikuwa na watu wanane. Kijana akikata ukuta wa michongoma ukapinda, namnyang'anya mkasi nanyoosha mwenyewe. Nilikuwa na mkono mzuri, sijisifu. Siku moja bosi akapita saa 5 asubuhi akanikuta nimekata mita kama arobaini zimenyooka kama rula, na watu wangu wote wanane wako chini ya mwarobaini wananiangalia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Leo nimlipe nani?"

Ujerumani, mtu anayetaka kuwa fundi mkuu wa bustani anafanya mtihani wenye sehemu tatu, na moja tu ndiyo ya mimea na kazi ya bustani yenyewe. Ya pili ni uendeshaji wa biashara, ya tatu ni kufundisha wanagenzi na kuongoza wafanyakazi. Sisemi tuige, ila ukikaa ukafikiri utaona wamepima kitu cha kweli.

Kwa Dodoma, usimamizi wa bustani ni hesabu ya maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaaga Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600. Katikati hapo, mara nyingi Februari, inakatika wiki kadhaa, na wageni wa mji huu hudhani imekwisha. Kuanzia Mei mpaka Novemba ni maji ya bomba, kisima au boza. Kwa hiyo kabla hujapanda chochote, ujue kitakunywa nini Agosti.

Hesabu yake si ngumu. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme majani yako yana eneo la mita 800 za mraba, na kwenye jua kali unataka kuyapa milimita 5 kwa siku. Ni lita 4,000. Kwa siku 30 ni lita 120,000, yaani yuniti 120 kwenye bili. Sasa chukua ndoo ya lita 20, fungulia mpira, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, mpira wako unatoa lita 30 kwa dakika, na zile lita 4,000 zinahitaji saa 2 na dakika 13 za mtu mmoja aliyesimama na mpira. Umeshajua bili, umeshajua saa za mtu, na ndoo umeazima jikoni.

Kesho yake chukua kipande cha nondo ya milimita 8, ukichomeke kwenye majani yaliyomwagiliwa jana. Panapopita kirahisi pana maji, pakigoma ndipo unyevu ulipoishia. Utakuta mahali pengi maji yameishia urefu wa kidole, kwa sababu mtu alipitisha mpira juu juu akaona pameloa. Mizizi hufuata maji: ukiyaweka juu nayo inabaki juu, na jua la Oktoba linaikuta hapo hapo. Heri kumwagilia mara chache maji yakazama, asubuhi mapema au jioni, kuliko kurashia kila siku saa 6 mchana kwa ajili ya kuonekana. Na ukiona unga mweupe kwenye kingo za vyungu, mara nyingi hiyo ni chumvi ya maji ya kisima. Mwambie bosi kabla mimea haijamwambia.

Hesabu hizi nilizijua darasani, lakini nilizielewa siku nilipozikataa. Mahali nilipokuwa, alikuwa anakuja mgeni mkubwa, na ofisi ikataka ashoki 120 pande mbili za barabara ya kuingilia. Ilikuwa Mei. Nilikuwa na mzee mmoja kwenye timu, Mgogo, mtu aliyelima zabibu maisha yake yote kabla ya kuja kufyeka kwetu. Akaniambia, "Mwanangu, mvua imeshaaga. Hii miti unaizika." Mimi nilikuwa na stashahada na nina haraka. Nikamjibu mbele ya wenzake kwamba kazi yetu ni kutekeleza. Tukapanda. Mgeni alikuja, akapita kwa gari vioo vikiwa vimefungwa, akaondoka. Agosti ilipofika na upepo wake, ashoki zilizokuwa hai hazikufika 30, nyingine zimekauka, nyingine mchwa wamezimaliza kuanzia chini.

Leo ningefanya hivi. Ningekaa na karatasi: miti 120, kila mmoja lita 20 kila siku ya tatu, ni lita 2,400 kwa mzunguko. Mizunguko kumi kwa mwezi ni lita 24,000. Mei hadi Novemba ni miezi saba, lita 168,000, yaani maboza 17 ya lita 10,000, bila kuhesabu mtu wa kumwagilia. Ningeipeleka karatasi hiyo kwa bosi na njia ya pili pembeni yake: tupange vyungu vikubwa vyenye maua kwa ajili ya siku ya mgeni, na Oktoba tuchimbe mashimo. Bosi anaweza kukataa maneno ya mtunza bustani. Maboza 17 yanamfanya atafute kalamu yake.

Ndiyo sababu nakwambia uwe na kauntabuku ya kwaya mbili kuanzia wiki hii, hata kabla ya cheo. Andika mvua ilinyesha siku gani, mlipanda nini na wapi, mingapi imekufa na kwa nini unadhani imekufa. Andika vifaa vilivyotoka na vilivyorudi: toroli, reki, fyekeo, mashine ya kukatia majani imekunywa mafuta kiasi gani. Mkitaka kupanda majani kwa vishina vilivyoachana sentimita 15, jua kwamba mita 1 ya mraba inakula vishina kama 44, hivyo mita 800 ni zaidi ya 35,000. Anayeagiza viroba vya nyasi kwa kukisia hujikuta siku ya tatu anasubiri gari huku vibarua wanahesabu saa. Mwisho wa mwaka daftari hilo ni mali. Litakusaidia VETA, litakusaidia kwenye usaili, na zabuni ikitangazwa upya kampuni yako itakuja kuliazima.

Kalenda yako iwe kichwani. Oktoba mashimo yachimbwe, ya miti yawe futi mbili kwa mbili na kina hicho hicho, udongo wa juu uwekwe upande wake ili uchanganywe na samadi iliyooza na kurudishwa chini. Kabla hujaafiki sehemu, jaza shimo maji uone yanaondoka au yanalala. Huku kwetu kuna kichanga chekundu kinachomeza, na kuna udongo mweusi wa mbuga unaoshika maji masika kisha kiangazi unapasuka mpaka unaweza kutia mkono. Mti mmoja haupendi vyote viwili. Panda ardhi ikishalowa kwa mvua za kwanza, si tone la kwanza. Weka kisahani cha kukusanya maji kuzunguka mche, weka matandazo, lakini yasiguse shina, maana mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko. Na mbuzi: usipange upandaji wa nje ya uzio kabla hujajua nani anachunga pale na saa ngapi. Nimeona kazi ya wiki mbili ikiliwa mchana mmoja.

Sasa wazee wako.

Huyu wa rika la baba, shikamoo yake isipungue hata siku moja, na iwe ya kwanza kabla ya maelekezo yoyote. Ukipewa cheo watu watakuangalia asubuhi ya kwanza kama bado unaamkia. Lakini usidhani shikamoo inakuzuia kusimamia. Kinachomvunja mzee ni kusahihishwa mbele ya vijana, kama nilivyofanya mimi. Akikosea, subiri mapumziko, kaa naye pembeni, na uanze na swali: "Mzee, pale kwenye kona naona maji hayakai, wewe ungefanyaje?" Mara nyingi atakwambia kosa lake mwenyewe na dawa yake. Asipoona, mwonyeshe kwa nondo, si kwa sauti.

Mpe kazi ambayo umri wake ni faida. Kitalu kwa mfano. Kujaza viriba, kupunguza kivuli kidogo kidogo miche izoee jua, kujua upi upo tayari kwenda shambani: hiyo ni kazi ya mtu mwenye subira, na kijana wa miaka 20 mwenye simu mfukoni atakuulia miche. Mzee wangu wa zabibu nilimwomba radhi, mbele ya wale wale waliosikia nilivyomjibu. Nilimkabidhi kitalu na funguo zake, na tangu siku hiyo hakuna mche uliotoka bila yeye kutikisa kichwa. Nilijifunza kwake kushika udongo kiganjani na kuufinyanga kujua kama unafaa kuchimbwa leo. Darasani tuliita jina jingine.

Ila usichanganye heshima na kufumbia macho. Akichelewa siku tatu mfululizo unaandika kwenye mahudhurio yeye kama wengine, na unamwambia kwamba umeandika. Hao wanne waliobaki, wadogo na wa rika lako, wanakupima hapo. Yule rafiki yako mliyekuwa mnakula naye mihogo atakuwa mgumu kuliko mzee, jiandae.

Ujue pia sheria kidogo, kwa sababu watu watakuja kwako na si kwa bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, si zaidi ya 9 kwa siku wala siku 6 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Ukipanga watu waanze saa 12 asubuhi kukwepa jua, ambalo ni jambo zuri, basi waondoke mapema. Usiwapangie alfajiri na jioni pia kwa mshahara ule ule kisha ukaita ni uzalendo.

Dawa za wadudu zifungie kufuli, funguo ukae nazo wewe. Chini ya lebo kuna mkanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kijani ndiyo yenye ukali mdogo. Nunua zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, katika chombo chake, si iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Hakuna kupuliza upepo ukivuma, hakuna kupuliza bila barakoa, glavu na buti, hata mtu akikwambia amefanya hivyo miaka kumi na hajafa. Chombo kitupu kitobolewe, maana kuna mtu atataka kukichotea maji.

Kuhusu mkasi: nunua wako. Usinunue ule wa bei ya chini kabisa unaobonyea mpini ukikutana na tawi la unene wa kidole gumba. Tafuta wenye kisu kinachofunguka ili unolewe, uusafishe kwa spiriti ukihama kutoka mti mgonjwa kwenda mzima, na mpini uupake rangi ya kucha ya dada yako ili usipotee kwenye majani yaliyokatwa. Ukishakuwa msimamizi, anayeuazima aandikwe kwenye daftari kama kwa vifaa vingine, hata akiwa mzee.